Tuinzi twa Bazee ba Kadutu

Jumatatu, tarehe 7 octobre

Leo maisha yangu imegeuka! Karatasi moja ku mulango ya université. Nilisoma mara tatu. Professeur Fabiola, mwenye alienda kusoma ubongo kule Ulaya na akarudi nayo hapa Bukavu, anatafuta aide, musaidizi mumoja wa labo. Kazi ya labo: kuangalia vile uzee unabadilisha tabia. Si ya batu. Ya tuinzi! Tule tuinzi tudogo twenye tunazunguka ku ndizi ya kuiva. Kila mwenye anataka kazi alete jumamosi experiment yake mwenyewe, yenye kuonyesha tofauti ya muzee na kijana. Na chini kabisa: diplôme si lazima.

Mungu iko.

Miye siko na diplôme. Université niliacha mwaka wa kwanza, ao tuseme yenyewe njo iliniacha. Lakini niko na telefone. Ku telefone nilisha kusoma ubongo yote, kushoto na kuume. Nilibakiza paka katikati tu.

Mambo iko mwepesi. Kainzi kanaishi miezi mbili hivi. Kanazeeka kama weye na miye: kanachoka, kanasahau, kanalala muchana. Unatia tuinzi mu chupa, unagonga chupa ku meza, tote tunaanguka chini. Kijana anapanda mbio mpaka juu. Muzee anabaki chini anawaza. Unahesabu. Imeisha. Njo science.

Nilifika ku nyumba na furaha, nilikuta tonton Willy, ndugu ya maman. Tonton iko na shimo ya dhahabu kule Shabunda. Alinishika mikono, alizigeuza juu na chini kama mutu anachagua avoka ku soko, aliambia maman kama hii mikono haiyajua kazi hata siku moja, inauma roho. Anarudia na avion ya jumamosi tarehe 19. Fasi yangu mu avion ilisha kuwa.

Mama yangu, Maman Agathe, ni secrétaire ya parokia, mutu wa mupango. Alitoa hukumu palepale: labo ao Shabunda. Hakuna njia ya tatu. Dada yangu mudogo Laurette aliuliza kama anaweza kuanza kupima pazia ya chumba yangu.

Shabunda! Miye! Kuchimba! Na ubongo hii!


Jumanne, tarehe 8 octobre

Shida kidogo. Kainzi kanaomba miezi mbili juu ya kuzeeka. Miye niko na siku ine.

Nilikutana na Guy. Tulikaa naye ku banc moja ku école primaire. Leo iko na licence ya biologie na blouse nyeupe, anaipiga pasi mpaka ndani ya mifuko. Na yeye anataka ile kazi. Nilimuuliza polepole, kama mutu hajali, experiment yake imefika wapi. Alinijibu bila haya kama tuinzi twake alianza kutufuga tangu mwezi wa munane. Mwezi wa munane! Karatasi ilibandikwa jana! Ati alikuwa anafanya tu juu inamupendeza.

Mutu mwenye anajitayarisha mbele ya benzake iko na roho mubaya. Niliona hivyo tangu primaire.

Nilitembea na hasira mpaka ku soko ya Nyawera. Na pale, kati ya bamotari benye kupigania client mumoja, idée ilinishuka. Nilisimama. Moto ilikaribia kunigonga. Motari alinitukana mpaka ku bibi ya babu yangu. Sikusikia kitu.

Idée ni hii. Kama siko na wakati ya kuzeesha tuinzi, nitaenda kukamata twenye tulisha kuzeeka. Fasi gani? Fasi ya bazee! Kila kitu inaishi na rika yake. Bijana banaenda fasi yenye kelele, bazee banaenda fasi yenye kiti. Kainzi ka kijana kaende kukaa na bazee kasikilize nini? Guy alitumika miezi mbili. Miye nilitumika dakika mbili.

Nilianza na bijana, palepale ku soko. Meza ya Maman Carine, anauzisha mananasi. Tuinzi kama mia, tote na nguvu, tote na commerce mu damu. Nilifungua chupa yangu. Maman Carine aliniuliza niko natoka service gani. Nilisema: science. Aliita bamama benzake na sauti ya kanisa: bakuje baone, leo balisha leta taxe ya inzi!

Aye! Bamama kumi. Mumoja aliapa kama ya inzi alisha lipa mwezi ulipita, na jeton, ile karatasi ya malipo, iko mu kitambaa yake. Mwengine alisema inzi za ku meza yake si zake, ni za jirani, niende kuuliza jirani. Jirani alisema zinalala kwake lakini zinakula kwa mwengine. Niliapa kama siandikishe mutu, nataka paka kukamata. Njo iliharibu kabisa. Maman Carine alinipiga na nanasi, ile upande ya majani.

Lakini nilipata makumi mbili na tatu. Masaa mbili ya kukimbia. Tuinzi twa bijana, hatushikike!


Jumatano, tarehe 9 octobre

Nilienda commune ya Kadutu, ku nganda ya Papa Placide. Pale banakunywa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, toka mbele ya muchana. Client ni bazee ba retraite. Kijana wa mwisho mule ndani iko na miaka makumi sita, na banamutuma cigarette.

Nilifikiri nitaingia, nitakamata, nitatoka. Wapi! Kwa bazee hauchovye mukono karibu ya pombe kama haujakaa. Papa Placide alinionyesha kiti. Alionja yeye kwanza, vile inaombwa, ya kuonyesha hakuna sumu, halafu alinipitishia. Ukikataa, umemuita mulozi. Nilikunywa. Muzee Pascal, alikuwa mwalimu zamani, alisema kijana mwenye anakunywa moja na kusimama alikuja kupeleleza. Nilikunywa ya pili, kwa heshima. Ya tatu nilikunywa kwa science.

Kisha nilieleza. Bazee bote balishusha vikombe. Niliona leo ni fimbo. Kumbe balifurahi! Muzee Pascal alisema tangu alitoka ku kazi, miye njo mutu wa kwanza alikuja kumuuliza kitu. Balianza kunichagulia. Alinionyesha kamoja ku povu, ati kale anakajua tangu Pasaka. Papa Placide alisema hapana, ule wa Pasaka alisha kufa, huyu ni mutoto wake, angalia vile anatembea. Balibishana robo saa. Hata ukoo balitaja.

Na sasa, preuve, ushahidi! Ku Nyawera nilikimbia masaa mbili. Hapa tuinzi tulikaa tu ku mudomo ya bidon ya kasiksi, kimya, kama batu ku mulango ya banque siku ya pension. Nilitukamata na vidole. Kamoja kalipanda ku mukono yangu kenyewe. Makumi tatu mu dakika tano! Kama huo si uzee, ni nini?

Nilirudi kwetu Nguba na miguu. Njia ilikuwa ndefu kuliko asubuhi. Na pana pia.

Mbele ya chakula nilifanya test. Chupa mbili, niliandika juu: BIJANA na BAZEE. Niligonga. Bijana: segonde ine, bote juu. Bazee: Yesu! Kamoja kalipanda kidogo, kakaanguka na mugongo. Kamoja kalizunguka kanatafuta njia. Tubili tulipigana bila sababu. Kamoja kalienda kusimama mbele ya ukuta na hakakutoka tena.

Niliandika mu cahier: «Kupoteza njia. Kukasirika bure. Kurudilia mambo ileile.» Bazee kabisa! Karibu ningebasalimia.

Laurette alikuja kuchungulia. Alinusa. Alinyanganya bic na aliandika pembeni ya ukurasa yangu: «Chupa inanuka kasiksi.» Nilimueleza na patience kama ile ni harufu ya uzee. Kila muzee iko nayo. Aende amunuse Muzee Pascal.


Alhamisi, tarehe 10 octobre

Catastrophe. Nimefika Shabunda. Nimekufa.

Niliamuka, niliangalia chupa ya BAZEE. Bote bako juu! Niligonga. Segonde ine. Niligonga tena. Segonde tatu! Kazee kamoja, kale ka Pasaka nazani, kalipita hata bijana. Niligonga mara makumi mbili. Banapanda tu, banapanda tu, kama batu benye balisikia ONG ya musaada inaandikisha.

Nililia kidogo. Tonton Willy alipita ku dirisha, alisema Shabunda kuko mvua mingi, nitafute buti.

Kisha nilijikaza. Nilikaa ku kitanda na niliwaza kama mutu wa science. Nini imebadilika? Chakula: nilibapatia bote ndizi na maji, sawasawa. Chupa: zinafanana. Mwangaza: ileile. Nini basi? Nini?

COMMUNE!

Jana bazee balikuwa Kadutu. Leo bako Nguba, karibu ya ziwa! Balilala usiku mumoja tu mu hewa ya hapa! Weye ulisha ona mutu wa Nguba mwenye kuzeeka? Kuna bamaman hapa bako na miaka makumi tano, ukimuita maman hakujibu, anangoja mademoiselle.

Kwa hiyo sikupoteza experiment. Niliikuza! Guy ataonyesha vile kitu inazeeka. Pff. Kila mutu anajua vile kitu inazeeka, unaacha tu. Miye nitaonyesha vile inarudia ujana.

Laurette alisema labda pombe njo ilibatoka. Nilimuomba asilete mambo ya nganda mu science.

Tonton Willy alisikiliza theory yote mpaka mwisho. Aliwaza. Alisema ni kweli, miye naishi Nguba miaka makumi mbili na mbili na akili yangu bado ya mutoto. Niliandika mu cahier: preuve ya pili.


Ijumaa, tarehe 11 octobre

Siku ya kutayarisha. Nilirudi kwa Papa Placide. (Tatu tena. Kwa heshima.) Nilitangaza discovery. Kelele! Mumoja aliuliza kama Nguba banapangisha na chumba moja. Mwengine aliuliza kama bibi yake pia atarudi kijana, na kama iko lazima.

Shida ilikuwa transport. Kesho nitaomba bazee ba mupya kabisa, benye habajagusa hewa ya Nguba. Lakini nikibalaza kwetu, batarudi bijana! Muzee Pascal alisimama, alishikilia meza, alisema kesho asubuhi atabaleta yeye mwenyewe, kutoka Kadutu mpaka université, mu bidon yao, na kasiksi yao, basione tofauti ya njia. Batu kama hawa njo banajenga inchi.

Ku fasi ya photocopie nilimukuta Guy. Iko na affiche ya mètre moja, na mistari ya rangi. Alinisalimia, aliniuliza kama makundi yangu mbili balikula kitu moja mbele ya kubakamata. Nilimuangalia mu macho na nilisema: siri ya labo. Alitikisa kichwa. Anaogopa. Nilimuhurumia kidogo.

Maman alisoma cahier yangu yote. Ku mwisho aliniuliza polepole kama basi tukamulete koko, mama yake, atoke kule Walungu akuje kulala hapa. Macho yake ilikuwa na maji. Nilimuambia tungoje jumamosi ipite. Sasa maman pia anaamini. Nikianguka, tunaanguka batu babili.


Jumamosi, tarehe 12 octobre

Sitaki kuandika. Naandika.

Salle ilijaa. Bastudiant, maman na Laurette ku banc ya mbele, tonton Willy ku mulango na saa yake. Muzee Pascal alifika na cravate ya siku ya ndoa, bidon ku mukono, alisimama karibu yangu kama parrain ya ndoa.

Niliweka chupa tatu. Bijana ba Nyawera: juu, segonde ine. Bazee ba mupya ba Kadutu: balianguka, balizunguka, kamoja kalilala. Bastudiant balicheka. Kisha nilinyanyua chupa ya tatu, nilitangaza: bazee ba Kadutu, baleee, siku tatu mu hewa ya Nguba! Niligonga. JUU! Bote! Salle ilipiga makofi. Mutu mumoja alipiga kelele ati Nobel. Naapa, nilimusikia. (Laurette anasema alisema «Nobert», anaita rafiki yake. Wivu.)

Professeur Fabiola hakupiga makofi. Ni mama mufupi, anaongea polepole. Alikuja, alifungua chupa ya pili, alinusa. Aligeuka kwa Muzee Pascal na aliinama kidogo: Papa, mule mu bidon mulituletea nini? Muzee Pascal hakungoja mara mbili. Alimimina, alionja yeye kwanza, alimupitishia. Na Professeur alikunywa! Mutoto wa Kadutu, kumbe. Alisema iko muzuri, ya siku tatu. Muzee alisema ine.

Halafu alichovya kipande ya coton mu kasiksi, aliitia mu chupa yangu ya BIJANA, alifunga, na alimuita Guy ku tableau.

Guy aliongea nusu saa. Tuinzi mia ine na kumi na mbili, kila moja na siku yake ya kuzaliwa. Kila moja! Hata mu parokia yetu mambo haiko wazi hivyo. Nilisinzia.

Aliisha. Professeur alinyanyua chupa yangu mbele ya salle. Bijana ba Nyawera, bale ba segonde ine: bote chini. Kamoja na mugongo. Kamoja kalizunguka. Tubili tunapigana. Aliniuliza polepole: Yannick mwanangu, hawa bijana balizeeka mu nusu saa?

Nilijibu: ni stress, Professeur.

Salle ilianguka na kicheko. Muzee Pascal yeye alikuwa anaangalia chupa, anaangalia bidon, anaangalia chupa. Mara alipiga kelele ya furaha: kumbe siko muzee, niko tu nalewa! Alitoka mbio kwenda kuambia bibi yake. Alipanda ngazi bila kushika ukuta. Niliandika ile.

Kazi balimupa Guy. Tonton Willy alinionyesha saa yake kutoka ku mulango. Maman alikuwa anaangalia viatu zake. Ile iliniuma kuliko kicheko yote.

Sasa, Professeur aliomba cahier yangu. Alifika fasi Laurette aliandika, alicheka peke yake. Alisema hapa kuna mutu mumoja mu hii nyumba iko na pua. Kisha alisema kama kijana mwenye alikamata tuinzi kupita makumi tano mu siku mbili iko na miguu, iko na bidii, inabakia paka macho. Atanipima juma moja, kuhesabu tuinzi twa kufa. Kuanzia jumatatu mpaka ijumaa, chini ya Guy. Nikihesabu muzuri, nabaki mu labo. Nikihesabu mubaya, niage. Na alinipa sheria moja: andika paka kile jicho yako imeona. Hata sifuri ni jibu. Hata yenye haikupendeze.

Niliandika ile sheria ku ukurasa ya kwanza na lettre kubwa, nilipiga mustari mwekundu chini. Inapendeza sana.

Chini ya Guy! Lakini Shabunda iko mbali kuliko haya.


Jumatatu, tarehe 14 octobre

Siku ya kwanza ya labo. Balinipa blouse ya mutu munene. Tube makumi mbili za kioo, kila moja na namba yake na tuinzi twake twa kuzeeka. Kweli kweli, bila pombe. Kila asubuhi: kuhesabu wa kufa, kuandika ku karatasi yenye cachet, muhuri ya université.

Nilianza na tube 1. Nilifika munane, tulibadilisha fasi. Nilianza upya. Nilifika kumi na moja, kamoja kenye nilihesabu maiti kalitembea. Nilianza upya. Masaa mbili, tube ine! Haiko kazi ya mutu wa ubongo.

Niliangalia karatasi ya juma ilipita. Kila tube inapoteza kamoja ao tubili kila siku. Kila siku! Sasa kama unajua, unahesabu ya nini? Mutu mwenye kujua jua litatoka, anaenda kulingojea ku dirisha?

Nilijaza leo. Mukono ilikuwa moto, nilijaza na kesho. Kisha jumatano. Kisha mpaka ijumaa, tube zote makumi mbili. Nilibadilisha bic mara mbili ili ionekane ya siku mbalimbali. Nilikunja karatasi fasi ya siku zenye hazijafika. Guy alipita, aliangalia, alinipongeza: mistari safi.

Wakati ilibaki, niliandika barua kwa Maire, mukubwa wa muji, juu ya hewa ya Nguba. Professeur alionyesha kama kasiksi inaleta uzee. Sawa. Hakuonyesha kama hewa haiutoe.


Jumatano, tarehe 16 octobre

Tube 14.

Leo karatasi yangu inasema tube 14 ilibakisha kamoja tu, na kale kamoja leo kalikufa. Nimeandika miye mwenyewe, bic ya bleu, mbele ya siku mbili. Nilifika asubuhi, nikaangalia tu kwa heshima. Kako hai!

Niligonga. Kalipanda. Polepole, kanapumzika mu njia, lakini kalipanda mpaka juu na kakaniangalia. Nilingoja. Niligonga tena. Kalipanda tena. Kichwa ngumu! Nilikaambia vizuri: muzee, karatasi ilisha kusema. Kalijipangusa uso.

Gomme haifute bic ya bleu. Karatasi mupya Guy njo iko nayo, atauliza. Kati ya kainzi na karatasi, moja ilipashwa kubadilika, na karatasi njo iko na cachet. Kukaua sikuweza. Ni muzee. Nilifungua dirisha, nilifungua tube, nilikaaga. Kaliruka kuelekea ziwa. Mambo safi, bila damu.

Dakika kumi hivi, mulango. Professeur Fabiola, Guy, na studiant mumoja na caméra! Professeur iko na furaha kama mutu wa ubatizo. Balienda moja kwa moja ku tube 14. Kumbe kale kainzi leo kalifikisha siku mia moja na sita. Hakuna kengine kalifika hapo mu labo yake tangu aifungue. Balikuja kukapiga picha.

Nilitoa karatasi. Nilisema na sauti ya chini: kalitutoka asubuhi, Professeur. Na amani.

Guy alitoa miwani. Studiant alishusha caméra. Nilisema condoléances. Ilikuwa muzuri, ilikaribia kuniliza miye mwenyewe.

Kisha Professeur alisema si kitu, sasa kazi ya kweli inaanza. Ubongo ya kale kainzi njo alikuwa anangoja hizi siku zote. Anataka kujua mule ndani nini ilikataa kuzeeka. Alinyoosha mukono. Aliomba maiti.

Nilijibu mbio, kama Mukristu: nilisha kuzika.

Guy aliuliza wapi. Ku jardin. Professeur alisema basi nikafukue, niko na saa moja, atangoja hapa ku kiti, na leo jioni ataandika kama nabaki ao naaga.

Sasa niko naandika juu ya goti, nyuma ya cantine, karibu ya poubelle. Nilichimba shimo kidogo mu jardin juu baone kama natumika. Hapa kuko tuinzi kama mia mbili ku maganda ya ndizi, na nilishakuta kamoja kenye kufanana kabisa na marehemu. Urefu ni ileile. Rangi ni ileile. Mabawa ya kuchoka, vilevile. Hata Guy hawezi kutofautisha.

Iko shida moja tu. Kako hai.

Nimekaa chini karibu yake. Hakaniogope. Inabakia dakika makumi ine, na uso yake inaonyesha kama kanakaribia. Nangoja. Science inaomba patience, njo kitu Guy hakuelewa hata siku moja.